Shatafu na Vigong'ota wa Mwanza na Kando ya Ziwa Victoria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya waongozaji watalii wanaoanza kazi, walimu wa vilabu vya mazingira, wanafunzi, na yeyote anayeishi kando ya ziwa letu akawa na hamu ya kujua ni ndege gani aliyetua kwenye uzio wake. Nimechagua jamii mbili zinazowasumbua watu kuliko nyingine: shatafu, wale ndege wadogo wanaonasa wadudu hewani, na vigong'ota, watoboa miti. Aina nyingi hazina jina moja la Kiswahili lililokubalika kote, kwa hiyo nimetumia majina ya maelezo na kuweka jina la kisayansi pale panapohitajika.

Nitajuaje kwamba ninayemtazama ni shatafu?

Tazama anavyowinda. Shatafu hukaa wima kwenye kijiti kilicho wazi, ametulia, kichwa tu kikigeuka huku na huku. Ghafla anachomoka, ananasa mdudu hewani au chini, kisha anarudi pale pale alipokuwa au jirani yake. Mdomo wake ni mwembamba ukiutazama kwa ubavu, lakini mpana kwenye shina ukiutazama kwa chini, na pembeni una vinyweleo vigumu. Ndege mdogo anayehangaika ndani ya majani bila kutulia hata kidogo huwa ni wa jamii nyingine.

Mbona wote ni kahawia tu? Nianzie wapi?

Anza na mahali alipo. Kisha mkao wake, kisha kifua na paji la uso. Rangi iache iwe ya mwisho.

Wanaoanza hufanya kinyume chake, na hapo ndipo wanapopotea. Mwanga wa ziwani una hila: maji hurudisha jua juu, tumbo jeupe likaonekana la manjano, mgongo wa kahawia ukageuka kijivu. Saa nne asubuhi na saa sita mchana ndege yule yule anaweza kuonekana wa aina mbili. Lakini kama amekaa juu ya tete futi mbili kutoka majini, hilo halibadiliki kwa mwanga wowote. Vivyo hivyo kifua: ama kina michirizi, ama kina utepe wa rangi, ama ni kitupu. Ukijibu swali hilo moja umeshaondoa nusu ya aina zote.

Yule mdogo wa kahawia anayekaa kwenye matete, kwenye kamba za mitumbwi na nyaya za uzio kando ya maji ni nani?

Karibu kila mara ni shatafu wa ziwani (*Muscicapa aquatica*). Kwa mtu wa Mwanza huyu ndiye wa kumjua kwanza, kwa sababu akishakukaa kichwani unampima kila shatafu mwingine dhidi yake. Ana urefu wa sentimita 13 au 14. Mgongo ni kahawia iliyokolea, koo ni jeupe safi, tumbo nalo jeupe, na katikati yake kifuani pamepita utepe mpana wa kahawia. Koo jeupe juu ya kifua cheusicheusi: hiyo ndiyo alama yake. Hana michirizi mtu mzima, ingawa kinda ana vidoa vya rangi ya maziwa mgongoni.

Hapendi kwenda mbali na maji. Utamkuta kwenye mafunjo, kwenye matete, kwenye matawi ya chini yaliyoinamia ziwa, na hata kwenye bustani za nyumba zilizo ufukweni, ambako huzoea watu upesi. Zile siku vijidudu vya ziwani vinapopanda juu ya maji kama moshi, hasa karibu na mwezi mwandamo, keti ufukweni umtazame. Hula mfululizo, na utapata nafasi ya kumwona kutoka kila upande.

Kuanzia Oktoba naona mwingine anayefanana naye, lakini anakaa kwenye miti mbali na maji. Ni yule yule?

Hapana, huyo kwa kawaida ni shatafu mhamaji (*Muscicapa striata*). Huzaliana Ulaya na Asia, hushuka Afrika majira ya baridi yanapoingia huko, na kwetu tunamwona kati ya Oktoba na mwanzoni mwa Aprili. Ukimpata Julai, rudi umtazame upya, kwa sababu karibu hakika ni mwingine.

Ni wa kijivu-kahawia, mwembamba, na mabawa yake ni marefu kwa mwili wake, kama inavyompasa ndege anayesafiri maelfu ya kilomita. Alama kuu ni michirizi myembamba kwenye paji la uso, utosini na kifuani. Michirizi hiyo ni hafifu na kwa macho matupu hupotea, kwa hiyo tumia darubini na umsubiri akugeukie. Hana utepe wa kifua, na koo lake halitengani na kifua kwa mkato mkali kama la shatafu wa ziwani. Anapotua ana tabia ya kupepesa bawa mara moja, haraka.

Wote wawili wanaweza kuwa kwenye mti mmoja Novemba, hasa mjini ambako bustani zinafika hadi majini. Kwa hiyo mahali peke yake pasikutoshe. Malizia kwa kifua.

Na yule asiye na alama yoyote kabisa?

Hapo kuna watatu wa kufikiria. Kwenye mashamba na pori la miti iliyoachana, mwenye rangi ya vumbi mwili mzima, mkubwa kidogo na mwenye mkia mrefu, ni *Agricola pallidus*, ambaye vitabu vya zamani vinamwita *Bradornis pallidus*. Hushuka chini mara kwa mara kuokota wadudu, kuliko kuwafuata hewani. Ukielekea upande wa Serengeti, kwenye migunga ya nchi kavu, yupo mwingine mdogo kuliko huyo, mwenye michirizi myembamba sana utosini. Wa tatu ni mdogo kuliko wote, mviringo, wa kijivu cha moshi (*Muscicapa adusta*), naye ni wa misitu na vilima vyenye mvua. Usimtafute kwenye shamba la pamba.

Ndege weusi wananichanganya sana. Shatafu mweusi, mramba na wengineo nitawatenganishaje?

Hili nalijibu kwa urefu, kwa sababu nimeona orodha nyingi za wanafunzi ambamo kila ndege mweusi aliyekaa kwenye waya ameandikwa mramba.

Mramba (*Dicrurus adsimilis*) ana mkia uliogawanyika ncha mbili zinazopinda nje. Jicho lake ni jekundu, manyoya yanang'aa, mdomo ni mzito. Tabia yake ni ya ugomvi: hufukuza kunguru, hufukuza mwewe, huiga milio ya ndege wengine, na haachi kelele.

Shatafu mweusi wa kwetu (*Melaenornis edolioides*) ni mpole. Mkia wake umenyooka na ncha yake haigawanyiki, jicho ni la kahawia iliyokolea, na weusi wake ni wa masizi, haung'ai. Hukaa kimya kwenye matawi ya chini, bustanini, kando ya shamba la mihogo au chini ya miembe, na mara nyingi utawakuta wawili au watatu pamoja. Tahadhari moja: mramba anayebadili manyoya anaweza kukosa ncha za mkia kwa muda. Hapo tazama jicho na mdomo.

Wa tatu ni dume la kipasua viwavi mweusi (*Campephaga flava*). Huyu ana mng'ao wa buluu, na kwenye pembe ya mdomo ana kijinyama cha manjano ambacho ukikiona umemaliza kazi. Hakai wima wazi kama shatafu, bali hupita polepole ndani ya majani akitafuta viwavi. Jike lake halifanani naye hata kidogo: lina mistari ya kukatiza na manjano mabawani.

Wa nne hujificha vichakani, nawe utamsikia kabla ya kumwona, dume na jike wakijibizana kwa filimbi nzito. Huyo ni *Laniarius funebris*. Akikaa kichakani chini, ndani, hataki kuonekana, si shatafu.

Yule mwenye mkia mrefu wa rangi ya kutu, naye ni shatafu?

Kwa jina la mazoea, ndiyo. Kwa ukoo, hapana. *Terpsiphone viridis* yu karibu zaidi na mramba na kunguru kuliko na shatafu wa ziwani. Dume ana kichwa cheusi-buluu, duara la buluu kuzunguka jicho, na manyoya mawili ya mkia yanayoweza kuzidi urefu wa mwili wake. Jike ana mkia mfupi. Baadhi ya madume huwa meupe mgongoni na mkiani badala ya rangi ya kutu; hao ni wa aina ile ile, usiwaandike kama wawili.

Kuna mweusi na mweupe mwenye kinyama chekundu juu ya jicho. Je?

Ni *Platysteira cyanea*, na kinyama hicho kinamtosha kuwa kitambulisho. Dume ana koo jeupe na utepe mweusi kifuani, jike ana koo la kahawia-nyekundu. Asichanganywe na *Batis molitor*, ambaye ni mdogo zaidi, mwenye jicho la manjano lisilo na kinyama, na jike wake ana doa la kahawia-nyekundu kidevuni na utepe wa rangi hiyo hiyo kifuani.

Mgongo wa fedha, tumbo la chungwa?

*Empidornis semipartitus*. Hana anayefanana naye akishakuwa mtu mzima. Mtafute kwenye migunga kuelekea Magu, Lamadi na lango la Ndabaka.

Tukija kwa vigong'ota: nitajuaje ni kigong'ota na si ndege mwingine anayepanda mti?

Mkia na miguu. Manyoya ya mkia wa kigong'ota ni magumu, naye huyaegemeza kwenye gome anapopanda na anapogonga. Vidole viwili vinaelekea mbele na viwili nyuma, kwa hiyo hushika shina lililosimama wima bila taabu. Hupanda kwa kurukaruka kwenda juu, na angani huruka kwa mawimbi, akipiga mabawa na kuyafumba.

Zuwakulu nao hutoboa matundu kwenye miti mikavu, lakini mdomo wao ni mnene wenye vinyweleo shinani, na chakula chao kikubwa ni matunda. Mkuyu ukiiva utawaona hapo. Mlembe, yule anayeongoza watu kwenye asali, ana vidole vya namna hiyo hiyo na huzungukazunguka kwenye matundu, kwa kuwa hutaga mayai kwenye viota vya ndege wengine wa matunduni. Akiruka, manyoya meupe ya pembeni mwa mkia yanamfichua.

Kigong'ota ninayemwona zaidi ana madoa. Je, wote wenye madoa ni mmoja?

Hapana, na neno "madoa" ndilo linaloponza. Uliza hivi: chini ya mwili, je, ni vidoa vya mviringo, michirizi ya kushuka, au mistari ya kukatiza?

Vidoa vya mviringo vyeusi juu ya kifua cha rangi ya maziwa, koo likiwa halina kitu: *Campethera nubica*. Ana sentimita kama 20, anapenda migunga, na ni wa kawaida sana upande wetu wa ziwa.

Michirizi ya kushuka kifuani, mwili mdogo wa sentimita 14 hadi 16, mgongo wenye mistari ya kukatiza: *Dendropicos fuscescens*. Huyu hukaa hata kwenye matawi membamba na mabua makavu ambayo wakubwa wake hawayagusi. Ukisikia ugongaji mdogo mwepesi kwenye kijitawi cha muarobaini nyuma ya nyumba, mfikirie yeye kwanza.

Mistari ya kukatiza mwili mzima, ndege mkubwa, uso mweupe wenye baka jeusi nyuma ya jicho na mstari mweusi wa taya: *Chloropicus namaquus*. Huyu ni wa miti mikubwa, hasa iliyokauka.

Hana doa, hana mchirizi, kichwa na kifua ni kijivu kitupu, mgongo wa kijani, kiuno chekundu: *Dendropicos goertae*. Anapoondoka kwenye mti, wekundu wa kiuno ndio unaokuaga. Hukubali mashamba yenye miti mirefu iliyobakizwa.

Michirizi inayoanzia kooni kabisa, mwili mkubwa kuliko *fuscescens* na mgongo wa kijani: fikiria *Campethera abingoni*. Kati yake na *nubica*, koo ndilo la kuamua.

Mwenye wekundu kichwani ndiye dume?

Si kwa wote, na hapa pana ufunguo ambao ningependa kila mwongozaji aushike.

Kwa vigong'ota wa jenasi ya *Campethera* (jenasi ni neno la kwanza la jina la kisayansi), dume na jike wote wana wekundu kisogoni. Kwa *nubica*, dume ana utosi mwekundu wote, kuanzia paji hadi kisogo, tena ana mstari mwekundu unaotoka mdomoni kushuka shavuni. Jike ana wekundu kisogoni tu. Paji lake ni jeusi lenye vidoa vyeupe, na mstari wa shavu ni mweusi wenye vidoa vyeupe. Kwa *Dendropicos* na yule mkubwa mwenye ndevu nyeusi (*namaquus*), jike aliyekomaa hana wekundu wowote kichwani. Kwa hiyo ukiona wawili kwenye mti mmoja na wote wana wekundu, kuna uwezekano mkubwa ni *Campethera*. Mmoja anao na mwingine hana, elekea *Dendropicos*.

Lakini makinda huvuruga hesabu hii. Kinda la *fuscescens*, liwe dume au jike, lina wekundu utosini. Msimu wa makinda tegemea kifua zaidi ya kichwa.

Je, mlio na ugongaji wa mti vinatosha kumtambua?

Mara nyingi vinatosha, na vinaokoa muda. *Nubica* hagongi sana ili kujitangaza. Yeye hupiga kelele za kengele kali zinazofuatana na kupungua kasi, na mwenzake humjibu. *Fuscescens* hugonga kwa sauti ndogo, laini. Mwenye ndevu hugonga kwa nguvu, akianza kwa mfululizo wa kasi kisha akamalizia kwa vipigo vichache vilivyoachana, ukishausikia hutausahau. Tofautisha kugonga kwa kujitangaza, ambako kuna mdundo, na kugonga kwa kutafuta chakula, ambako hakuna mpangilio. Huku kwa pili hakukwambii ni aina gani.

Niende wapi Mwanza nikafanye mazoezi?

Kisiwa cha Saanane ni jirani mno na mji, na tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa chini ya TANAPA. Unalipa kiingilio na kuvuka kwa boti. Mawe, miti na ufukwe viko pamoja, kwa hiyo shatafu wa ziwani na vigong'ota unaweza kuwapata asubuhi moja. Bila kuvuka, tembea Capri Point, au fukwe za Luchelele na Igombe pale mafunjo na matete yalipobaki. Kwa aina za msituni, nenda kisiwa cha Rubondo, Hifadhi ya Taifa tangu 1977.

Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu. Usiingie majini kwenye matete: kichocho kipo, na mamba na viboko hawana ratiba. Usielekeze darubini kwenye kambi wala uwanja wa ndege. Ukitaka kuingia shambani kwa mtu, piga hodi kwanza na ueleze unachotafuta. Wazee wengi watakuonyesha wenyewe mti wenye tundu.

Darubini ya namna gani?

8x42 inatosha kwa kazi zote mbili: inakuza mara 8, na lenzi yake ya mbele ina milimita 42, kwa hiyo inaona vizuri hata alfajiri. Inayokuza zaidi hutikisika mkononi.

Nina mti mkavu shambani. Niukate kuni?

Kama hauielekei nyumba wala njia ya watoto, nakuomba uuache, au ukate matawi ubakize shina. Kigong'ota hutoboa kiota kipya kwenye mti uliokufa, kisha tundu lake la zamani hurithiwa na kwenzi, shomoro, na mara nyingine nyuki. Kando ya mji huu mashina ya namna hiyo yanazidi kuadimika, na yakitoweka vigong'ota nao hawana pa kulala. Isitoshe, kigong'ota hali mti wako. Anachokifuata ni mabuu na mchwa waliomo ndani.

Nikishindwa kumtambua niandike nini?

Andika ulichokiona: "kigong'ota, aina haijulikani, vidoa vya mviringo, wekundu kisogoni, mgunga, saa moja na robo." Rekodi hiyo ina thamani. Jina la kubahatisha halina, maana mwingine ataliamini. Mtandao wa eBird wa Chuo Kikuu cha Cornell, ambako watu huandika ndege waliowaona, unakubali kuandika "kigong'ota asiyetambulika" bila shida, na ukiambatisha picha au sauti, hata ya simu, wengine wanaweza kukusaidia baadaye. Piga picha ya kifua kwanza, kichwa cha pili, mgongo wa mwisho. Wengi hupiga mgongo peke yake, nao ndio unaosaidia kidogo zaidi.